Mtoto anapojua kabla ya kuambiwa: simu, redio na utoto wa Bukavu

Ukikaa na wazazi wa Kadutu, Bagira au Nguba, mitaa ya mji wetu wa Bukavu katika Kivu, mashariki mwa Kongo, hutakawia kusikia lalamiko hili: watoto wa siku hizi wanajua mambo yaliyozidi umri wao. Mama atalaumu TikTok, mwalimu atalaumu filamu, mchungaji atalaumu muziki. Wote wanazungumzia ubaya wa kile anachokiona mtoto. Kwangu mimi swali la ubaya ni la pili. La kwanza ni la mpangilio: zamani nani aliamua mtoto ajue nini, lini, na kutoka kinywani mwa nani? Mpangilio huo ndio uliovurugika, na umevurugika hata pale ambapo picha yenyewe haina neno.

Tuanzie mbali kidogo. Mtoto kwa maana ya mwili mdogo unaotaka kulishwa na kulindwa amekuwepo kila mahali na kila zama. Lakini utoto kwa maana ya kipindi chenye sheria zake, chenye mambo yanayoruhusiwa na mambo yanayofichwa, ni kazi ya mikono ya watu, na kila jamii huifanya kwa namna yake. Mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès aliandika mwaka 1960 kwamba katika Ulaya ya Zama za Kati mtoto akishafika miaka kama saba alichanganywa na wakubwa kazini, michezoni na katika mazungumzo, na wachoraji walimchora kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Wanahistoria waliokuja baada yake walimpinga kwa mengi. Walionyesha kwamba wazazi wa zama hizo waliwapenda watoto wao na walijua vizuri kwamba ni watoto. Hata hivyo aliacha swali ambalo halijafa: kama utoto umetengenezwa, je, unaweza kubomolewa?

Mwaka 1982 Mmarekani Neil Postman, mwalimu wa chuo kikuu New York, alijibu kwamba ndiyo, na kwamba televisheni imekwisha kuanza kuubomoa. Hoja yake ilikuwa hivi. Tangu Gutenberg alipoanzisha uchapaji wake katikati ya karne ya 15, maarifa ya wakubwa wa Ulaya yaliingia vitabuni. Kusoma hakuji kwa siku moja. Kunadai miaka ya darasani. Kwa hiyo mtoto akawa ni yule ambaye bado hajui kusoma vizuri, na shule ikawa ngazi anayoipanda taratibu hadi kufikia siri za wakubwa. Televisheni haina ngazi. Mtoto wa miaka mitano na babu yake wanaona picha ileile saa ileile, wala hakuna anayekwenda shule kujifunza kutazama.

Ukiileta hoja hiyo Bukavu kama ilivyo, inakwama. Kwa familia nyingi za Kivu kitabu hakikuwa kamwe mlinzi wa mambo ya wakubwa. Walinzi walikuwa wengine. Chukua Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, ambao wengi wao wanaishi hapa mjini. Kijana alipita kwanza tohara ya bwali, kisha akiwa mtu mzima aliingia Bwami, chama cha jadi cha Warega, na kupanda daraja baada ya daraja, mpaka kindi kwa waliofika juu kabisa. Katika kila daraja alionyeshwa vitu fulani, vinyago vidogo vya mti au pembe, akafundishwa methali na ngoma zake. Kitu kilekile kingeweza kupita mbele ya macho ya mtoto bila kumwambia lolote, kwa sababu maneno yake hakuwa amepewa bado. Hiyo ni ngazi kamili ya maarifa, isiyo na kitabu hata kimoja.

Na kulikuwa na njia za kila siku, zisizo na sherehe. Wakubwa walipotaka kusema jambo zito, waligeukia Mashi, lugha ya Bashi, au Kifaransa, kutegemea watoto walikuwa hawasikii ipi. Au mtoto alitumwa: nenda kanunue chumvi, nenda kamwangalie mbuzi. Kila mtoto wa Bukavu aliyekuwa na akili alijua kwamba akitumwa chumvi wakati chumvi ipo, kuna neno linakuja. Ninachotaka tukione hapa ni kwamba aliyefunga mlango alikuwa mtu anayemjua mtoto huyo kwa jina na kwa tabia, na ndiye aliyeufungua siku alipoona amekomaa.

Redio haikuuvunja mlango huo, iliulegeza tu. Mpaka mwaka 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, sauti ya hewani ilikuwa ya serikali. Kisha stesheni zikaota. Bukavu ikapata Radio Maendeleo mwaka 1993, na Radio Okapi ikaanza kusikika nchini mwaka 2002. Habari za vita na wakimbizi ziliingia nyumbani kila jioni. Lakini redio ilikuwa moja, ilikaa sebuleni, na mkono uliokuwa kwenye kitufe ulikuwa wa mzee. Mtoto aliposikia neno la kutisha alimgeukia mtu aliyekuwa pale pale: baba, hao waliouawa ni wa wapi? Akajibiwa vizuri, au akafokewa, au akatumwa chumvi. Vyovyote iwavyo, habari ilipita kwa mtu mzima kabla ya kukaa moyoni mwa mtoto. Na shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona mwezi Machi 2020, redio hiyohiyo ilirusha masomo, na wapo watoto waliofanya hesabu wakiwa wameinama juu ya kiredio cha betri.

Vibanda vya video vilikwenda hatua moja zaidi. Benchi, jenereta, karate, filamu za Nigeria, filamu za Marekani zenye sauti ya Mtanzania anayezieleza kwa Kiswahili. Pale mtoto alianza kuona mambo ya wakubwa bila mkubwa wake. Wazazi walivichukia vibanda hivyo, na walikuwa na sababu. Walakini kibanda kilikuwa na mlango, na mtu wa kupokea pesa, na saa ya kufunga. Na mtoto aliyekwenda alionekana na jirani, habari zikafika nyumbani kabla yake.

Sasa tufike kwenye simu. Hapa mashauri mengi yanayotoka nje hayatushiki. Facebook, TikTok na WhatsApp zinasema mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Umri huo una mizizi katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu kukusanya taarifa za watoto mtandaoni, wala haukupimwa kwa kukomaa kwa mtoto yeyote. Australia imepandisha hadi miaka 16, na sheria yake imeanza kutumika Desemba 2025. Sheria zote mbili zinadhania kitu kimoja: kila mtu ana simu yake na akaunti yake. Kwenye parsele (viwanja vya makazi) nyingi za Bukavu simu ni ya nyumba. Ni ya mama kwa jina, lakini asubuhi iko sokoni naye, mchana iko kwa kijana anayekwenda kuisharji, jioni iko mikononi mwa watoto. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kudanganya umri wake. Anaingia kwa jina la mama, katika makundi ya mama, na mtandao unamhudumia kama mtu mzima.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo Postman hakuliandika. Jioni moja Kadutu, umeme umekatika, msichana wa mwaka wa tano wa msingi alikuwa anamsomea bibi yake ujumbe. Bibi hakwenda shule. Mtoto wake wa kiume yuko Kinshasa na huandika kwa Kifaransa, kifupikifupi, kama vijana wanavyoandika. Msichana alishika simu karibu na uso, akasoma kwanza kimya, midomo ikitikisika. Kisha akasema:

– Koko, ni papa wa Kinshasa. Anasema feza itakuja mwezi huu.

Bibi alimshukuru Mungu, akarudi kwenye maharage yake. Nilikuwa nimekaa nyuma ya msichana na niliuona ujumbe: mistari mitatu, na wa mwisho ulisema kwamba papa huyo alikuwa amelazwa hospitalini. Tulipotoka nje nilimwuliza kwa nini hakuusoma wote.

– Koko iko na tansyo, tantine. Nikimuambia, hatalala.

Tansyo ni presha ya damu. Mtoto wa miaka kumi anabeba habari ya ugonjwa wa papa huyo wa Kinshasa, peke yake, na anaamua mtu mzima ajue nini na lini. Tunasema mpaka kati ya mtoto na mkubwa umefutika. Nyumbani kwa huyu umegeuka upande: mlinzi wa mlango ni yeye. Na hayuko peke yake. Tangu pesa za simu zilipoingia Kongo, M-Pesa ikiwa ya mwaka 2012, watoto wengi ndio wanaobonyeza namba kwa ajili ya wazee wao. Wanajua namba ya siri, wanajua salio. Mtoto anajua kwamba minerval (ada ya shule) haijalipwa kabla baba hajatafuta maneno ya kumwambia. Wengine wanajua nani anamtumia baba pesa, na baba anamtumia nani.

Mwaka 1985 Joshua Meyrowitz, Mmarekani mwingine, alieleza kwamba vyombo vya umeme vinamwonyesha mtoto nyuma ya pazia la wakubwa: hofu zao, ugomvi wao, mashaka yao juu ya kulea. Alikuwa akifikiria televisheni, ambamo wakubwa wanaoonekana ni waigizaji na watu wa mbali. Kundi la WhatsApp la familia linamwonyesha mtoto nyuma ya pazia la shangazi yake mwenyewe. Anasikia sauti ya baba mdogo akimtukana kaka yake kwa ajili ya kiwanja cha urithi. Kesho yake baba mdogo anakuja nyumbani, na mtoto anaambiwa: msalimie kwa heshima.

Kisha kuna vita. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari waliingia Bukavu. Watoto wa mji huu walisikia risasi kwa masikio yao, hakuna chombo cha habari kinachopaswa kulaumiwa kwa hilo. Lakini risasi zilipotulia, simu ziliendelea. Video za maiti barabarani, za maduka yanayovunjwa, za watu wanaolia, zilizunguka kutoka kundi la avenyu hadi kundi la sala, na baadhi yake zilikuwa za zamani, kutoka Goma ya 2012 au kutoka nchi nyingine kabisa, zikiwa zimebandikwa tarehe ya jana. Mtu mzima anayejua kutazama ataona kwamba barabara ile si yetu. Mtoto hajui. Kwake kila video ni tukio jipya. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, watu waliokuwa karibu na watoto wadogo walisimulia jambo hilohilo: televisheni iliporudia picha ya minara ikianguka, baadhi yao walidhani kila mara ni nyumba nyingine inaanguka.

Profesa George Gerbner, aliyechunguza televisheni ya Marekani kwa miaka mingi, alisema anayetazama ukatili mwingi huishia kuamini dunia ni katili kuliko ilivyo. Sisi hatuna haja ya kuongezewa hofu kwa picha, dunia yetu imekuwa katili ya kutosha. Madhara ninayoyaona mimi ni ya namna nyingine. Vita vina siku vinapokoma kusikika mtaani, na siku hiyo mtoto anapaswa kurudi kucheza. Simu haimpi siku hiyo. Na tazama njia yenyewe: mwalimu anatuma picha ya zoezi la hesabu kwenye simu ya mama. Mtoto anaifungua kutafuta hesabu, na kabla ya kuifikia anapita juu ya mwili wa mtu aliyekufa. Viko kwenye orodha moja, kimoja juu ya kingine, na vyote vinafunguka kwa kidole kilekile.

Juu ya watoto wachanga nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo liko wazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mtoto mdogo hujifunza maneno kutoka kwa uso unaomjibu. Mama anayeuza samaki huku mtoto amepewa simu ili atulie hastahili kushutumiwa na mtu aliye na yaya nyumbani; anastahili kujua tu kwamba ile video haimfundishi mtoto kusema, na kwamba maneno yake yeye kwa wateja, na utani wa wauzaji wenzake, vinamfundisha zaidi.

Nisieleweke kwamba nautamani ule wakati wa milango iliyofungwa. Milango ile ilificha pia yasiyostahili kufichwa. Msichana aliona damu yake ya kwanza akadhani anakufa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mtoto aliyebakwa na mtu wa karibu hakuwa na maneno ya kusema alichofanyiwa, na mkubwa aliyejaribu kumwambia alimnyamazisha. Katika mji wa hospitali ya Panzi, inayowatibu waliobakwa, tunajua hili kwa uchungu. Redio za hapa zilipoanza kutaja ubakaji kwa jina, na sauti ya Daktari Denis Mukwege iliposikika mpaka akapewa Nobeli ya Amani mwaka 2018, watoto nao walikuwa wanasikiliza. Walisikia maneno ambayo nyumba nyingi hazingeyatamka, na pamoja na maneno hayo walisikia kwamba kosa si la aliyeumizwa. Naamini kuna watoto waliookoka kwa sababu hiyo. Mzazi anayesema tu kwamba wasijue chochote hajafikiria ni nani anayefaidika na ujinga wa mtoto.

Kuna pia upande ambao tunausahau tukiwatazama watoto kama watazamaji tu. Mtoto wa Kivu amekuwa picha. Tangu vita vya 1996 dunia imemjua kama kadogo, mtoto askari mwenye bunduki, kisha kama mchimbaji wa madini, kisha kama mkimbizi mwenye sahani tupu. Mtoto wa leo akitafuta jina la mkoa wake kwenye simu, hao ndio anaokutana nao. Hawaoni watoto wanaoogelea ziwani Jumapili, wala wanaosahihishana hesabu chini ya mti. Na sasa sisi wenyewe tumeingia kazini: tunawapiga video wakicheza ngoma za wakubwa, wakilia, wakiadhibiwa, tunazirusha ili tupate wafuasi. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 kuhusu watoto wa chini ya miaka 16 wanaoingiza pesa kwa video za mtandaoni, na sehemu ya pesa hizo inawekwa mpaka mtoto akue. Kwetu katiba inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na tuna sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Lakini mjomba anayemrekodi mtoto akilia kwa sababu amepata sifuri hafikirii kwamba anagusa haki ya mtu, na video hiyo itakuwepo siku mtoto huyo atakapotafuta kazi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990 ikiitwa Zaire, una kifungu cha 17 juu ya vyombo vya habari. Kinataka mambo mawili kwa pamoja: mtoto afikiwe na habari kutoka vyanzo mbalimbali, na alindwe dhidi ya zile zinazomdhuru. Serikali zimekuwa zikilisoma hilo kama kazi ya kuchuja picha. Kwa nyumba yenye simu moja, kuchuja hakutafika mbali. Kinachowezekana ni kumrudisha mtu mzima katikati ya habari na mtoto, kama alivyokuwa enzi za redio ya sebuleni. Kumwuliza mtoto jioni umeona nini leo, na kumwuliza kwa namna ambayo hatachapwa akijibu. Kumwambia: hii video si ya hapa, ona kibao hiki cha duka, sisi hatuna duka la namna hii. Kumpokonya mtoto kazi ya kumsomea bibi habari za ugonjwa, hata kama jirani ndiye atakayeombwa kusoma.

Na shule zina sehemu yao, kwa sababu zoezi la nyumbani ndilo linalompa mtoto simu kwa ruhusa. Kundi la darasa linaweza kufungwa ili mwalimu peke yake aweze kutuma. WhatsApp ina uwezo huo, na mkuu wa kundi anaukamilisha kwa dakika moja. Makundi ya avenyu na ya sala yanaweza kukubaliana kwamba picha ya maiti haitumwi, na anayetuma anatolewa. Zoezi linaweza pia kuandikwa ubaoni na kunakiliwa daftarini, kama lilivyokuwa likifanyika, hasa kwa watoto wa nyumba ambazo mega (bando la intaneti) hununuliwa siku mama amepata wateja. Mkutano wa wazazi wa Septemba huwa na ajenda ya michango na sare. Haya matatu yanaweza kuongezwa chini yake, na yanatosha kuanza nayo.